Namna ya Kuhamisha Seva ya Nyumbani Bila Kuihamisha

Kwanza tukubaliane jina. Ile mashine iliyo chini ya meza ya televisheni hapo kwako Gongoni, Tabora, iliyofunikwa kitambaa cha kufuma na feni yake inakoroma usiku kucha, usiiite kompyuta. Iite seva. Kompyuta hupigwa window na kijana wa steshenari huku wewe unamalizia soda. Seva huhamishwa mfumo endeshi, na mtu anayehamisha mfumo endeshi hatumwi sokoni kununua nyanya.

Sababu unayo, tena nzuri. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Wengine waliingiwa na hofu. Wewe shukuru, umepewa kazi ya heshima na mtu usiyemjua. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya miaka ya karibuni, na yako ni Core 2 Duo ya enzi za muhula wa kwanza wa Kikwete. Kwa hiyo unahamia Linux. Au tuseme, utaonekana unahamia. Fuata hatua hizi.

1. Tangaza kabla hujagusa kitu

Nenda barazani baada ya alasiri, kahawa ikiwa bado ya moto. Subiri mazungumzo ya tumbaku na bei ya asali yapoe, kisha pumua kwa nguvu na useme: “Nahamia Debian.” Usieleze kwamba Debian ni aina ya Linux. Wazee watadhani ni nje ya nchi na watakuombea dua. Vijana watatikisa vichwa, maana hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuuliza.

Akitokea mbishi, mwambie ulianza mambo haya tangu Jambo OpenOffice, programu za ofisi za Kiswahili zilizotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kitu cha kweli, na ni cha zamani kiasi kwamba hakuna atakayekumbuka kama ulikuwepo. Jambo moja tu usilitaje: tarehe ya kuanza kuhama.

2. Subiri, na usubiri Kitabora

Hapa ndipo mtu wa kwetu anapowazidi watu wa Dar es Salaam. Kwao kuchelewa ni uzembe. Kwetu ni urithi wa njia ya misafara. Wapelelezi Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora ya leo, Novemba 1857 wakiwa na haraka ya kuliona ziwa, wakakaa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kuondoka. Livingstone ndiye bingwa. Alifika Kwihara, hapo nje ya mji, Februari 1872, na hakuondoka hadi tarehe 25 Agosti, akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Zaidi ya miezi sita! Je, kuna anayemwita mvivu? Tembe alilokaa akingoja limekuwa makumbusho. Watu wanalipa kiingilio kwenda kuona mahali mtu alipokuwa anasubiri.

Basi nawe ngoja, ila ngoja kitu chenye jina. Ngoja UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya kusakinisha ni hatari. Hilo ni kweli kabisa, ndiyo maana linafaa. Mvua zikianza, ngoja radi za Tabora zipungue. Zikiisha, lalamikia vumbi la kiangazi. Ngoja bando la usiku. Ngoja mtoto wa shemeji anayesoma kompyuta arudi likizo, na akirudi, mwache apumzike.

Siri moja naomba ibaki kati yetu: faili dogo la kusakinishia Debian halifiki GB 1, na linakaa kwenye flashi yoyote uliyopewa bure kwenye semina. Hili lisijulikane nyumbani.

3. Fanya bakapu

Wataalamu wana sheria yao: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Ni sheria nzuri kwa watu wenye hela ya diski tatu. Wewe fungua folda ya picha za harusi, nakili, kisha bandika papo hapo, kwenye diski ileile. Iite BAKAPU, kwa herufi kubwa. Siku ya pili, ukiwa na wasiwasi, nakili tena: BAKAPU MPYA. Ya tatu iite BAKAPU YA KWELI. Diski ikijaa, futa zile za mwanzo ambazo si bakapu, ili upate nafasi ya bakapu.

Usizifungue kuzijaribu. Bakapu ambayo haijafunguliwa haijawahi kumwangusha mtu.

Muvi za kutafsiriwa zisikusumbue. Nusu yake zipo kwenye flashi za watu wa Isevya na Kanyenye tangu Krismasi, na nyingine zimevuka hadi Urambo. Mtaa wote unakutunzia. Watakapozirudisha zitakuja na virusi vya kila steshenari ya mjini, lakini Linux haivijali sana virusi vya Windows, na hapo utakuwa umepata hoja nyingine ya barazani.

4. Itii betri

Ndani ya mashine ya umri huo kuna betri ndogo ya duara, CR2032, inayoifanya ikumbuke saa. Yako ilishakufa. Umeme ukikatika na kurudi, seva inaamka ikiamini tuko miaka mingi nyuma. Sasa sikiliza raha yake: ukijaribu kuvuta programu mtandaoni, mfumo utakataa, kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti na orodha za programu zimesainiwa kwa tarehe ambazo, kwa saa ya mashine yako, hazijafika. Ujumbe wa kosa hautakuambia “nunua betri”. Utakuambia mambo ya kutisha kuhusu uhalali na sahihi.

Huu ni usiku wako wa fahari. Kaa mbele ya kioo cheusi, kunja uso, andika kwa vidole viwili. Mama watoto akipita na kikombe cha chai, sema kwa sauti ya chini: “Ni mambo ya vyeti.” Hakuna mwanamke atakayemkatiza mume anayeshughulikia vyeti. Betri yenyewe bei yake haifiki ya kuku, lakini usiinunue mapema. Ukiinunua tatizo litakwisha, na chai pia.

5. Tafuta fundi wa kulaumu

Hata Mnyamwezi mbeba mizigo, aliyesifika njia nzima kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, alitaka sehemu ya ujira wake kwa nguo kabla hajajitwika mzigo, na wasafiri wote wamejaza vitabu vyao malalamiko kuhusu waliopokea na kuyeyukia porini. Fundi naye atataka kianzio. Mpe. Akitoweka, una maelezo ya miezi. Akirudi, maelezo yako yamekufa na itabidi mfanye kazi kweli, kwa hiyo chagua kwa makini: mtafute mwenye simu mbili ambazo zote hazipatikani.

Kama amekuja na hamna budi, kisakinishi kitawauliza diski ipi ifutwe: sda au sdb. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha flashi tupu na miaka yote ya familia. Mtu wa kawaida angesoma ukubwa ulioandikwa pembeni, GB 8 hii, GB 500 ile, akajua. Wewe mwachie fundi abonyeze, nawe utoke nje kidogo kupokea simu. Likitokea la kutokea, usilie. Sema ulikuwa umeamua kuanza upya, kwamba data zikikaa sana huzeeka.

6. Weka yote mawili

Kwa wenye moyo mdogo kuna njia ya kati, nayo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Bakiza Windows, weka Linux pembeni, kwenye diski hiyohiyo. Ni kama mwanamume aliyeoa mke wa pili bila kumwarifu wa kwanza: amani ipo, ila kila asubuhi ni lazima uchague. Ukiwasha, itatokea menyu nyeusi yenye maandishi meupe na sekunde tano za kuamua. Waalike wageni waione menyu hiyo. Isome kwa sauti, ielezee, waache wastaajabu. Wakishaondoka kwenda kula, chagua Windows.

7. Jihadhari na kufanikiwa

Hutokea. Fundi akawa mwaminifu, umeme ukatulia, betri ukapewa bure, na asubuhi seva ikawaka na Debian tupu. Televisheni inaziona muvi, simu zinaziona picha, na hakuna nyumbani aliyegundua kitu. Hili ndilo balaa lenyewe: umehama na hakuna aliyekuona ukihama. Dawa ni moja. Chomoa kebo ya mtandao mchana, wakati wa tamthilia, uache watoto walie kidogo, kisha ingia na bisibisi na uirudishe. Sasa wamejua kuna mtu anayelinda.

Lakini ukimwamsha mama watoto atapiga hesabu, na hesabu hujaizoea. Mashine ya wati 80 isiyozimwa hula karibu uniti 2 kwa siku, uniti 58 kwa mwezi. Kama nyumba iko kundi la D1 la TANESCO, lenye bei nafuu hadi uniti 75, jokofu, pasi na taa zote vimebaki kugombania uniti 17. Atakuuliza, kwa adabu: “Baba, hii inafanya nini ambacho diski ya kuchomeka kwenye TV haifanyi?”

Usijibu papo kwa papo. Zungumzia uhuru wa programu. Taja Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, na useme haina tena kisakinishi cha PC za biti 32, ukiinua kidole kama anayeonya. Haitasaidia. Utakuta ameshanunua diski ya nje siku nyingi, amenakili kila kitu, picha za harusi zikiwa mbele, na kuipeleka kwa mama yake Ng'ambo, iliko salama na inakofunguliwa kila Jumapili.

Usikasirike hata kidogo. Vaa kanzu, rudi barazani, uwaarifu kwamba ile nakala ya nje ya nyumba, ambayo wataalamu huisisitiza sana, imekamilika kama ulivyoipanga. Kisha uliza kama kuna anayejua UPS zinauzwaje siku hizi.