Kimondo cha Pili cha Mbozi

Mbozi tunajulikana kwa vitu viwili: kahawa na kimondo. Kile kimondo, bonge la chuma lenye uzito wa tani zaidi ya 10 lililolala pale Ndolezi, kilikuja kutoka nje bila hati, bila wakala na bila kulipiwa ushuru, na tangu kitue hakijasogea. Nakitaja kwa sababu wanafunzi wangu wanasema wilaya sasa ina vimondo viwili, na cha pili kimeegeshwa uani kwangu.

Nilitaka pikapu. Nina ekari tatu za mahindi, nyumba isiyoisha inayodai tofali kila likizo, na mke aliyechoka kusikia kwamba mbolea "italetwa na mtu". Mkopo ulishapita kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa. Na huku kwetu Vwawa kuna imani, sijui iliasisiwa na nani, kwamba gari la Zambia limetunzwa. Dalali wangu wa Tunduma aliihubiri imani hiyo kama mwinjilisti. "Mwalimu, kule mtu anaendesha Jumapili tu, kanisani na kurudi." Sikumuuliza ni ibada gani hiyo iliyokilalia kiti cha dereva mpaka springi zikachungulia.

Tukapanga kukutana na muuzaji Nakonde, saa tatu asubuhi. Kwa asiyepafahamu, Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa na mpaka. Unatoka kwenye chapati unaingia kwenye nshima bila kufunga mdomo. Ila saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Miaka nenda miaka rudi nimewaambia watoto kwamba nyuzi 15 za longitudo ni saa moja, nimewachora Greenwich, nimewachapia mtihani. Nikafika saa tatu. Kwao ilikuwa saa mbili. Muuzaji, mzee mwenye kofia ya sufu na Kiswahili kizuri kuliko changu, akanikaribisha kwa upole: "Umewahi, mwalimu. Kaa hapo kwanza, upate chai." Nikakaa, nikanywa. Ile saa moja niliyoipata bure kwa kuvuka mpaka, mimi niliitumia kula kiazi kitamu. Yeye aliitumia kuchemsha injini.

Kwa hiyo nilipopelekwa kuiona, boneti ilikuwa ya moto. Niliigusa kwa kiganja, nikafurahi, kama mtu anayepapasa ng'ombe aliyeshiba. Pikapu ilikuwa nyeupe, bodi limenyooka, na ilikuwa imeegeshwa kwenye mteremko, uso ukielekea Tanzania. Hilo la uso nililiona kuwa dalili njema. Hilo la mteremko sikuliona kabisa. Sitataja kampuni iliyoitengeneza, maana haina kosa lolote. Ilifanya kazi yake huko Japani miaka mingi iliyopita na haikumtuma mtu kuniuzia.

"Bei gani, mzee?"

"Milioni hamsini. Lakini kwa kuwa ni mwalimu, arobaini na nane."

Wakati ule kwacha moja ilikuwa shilingi mia na ushei. Nikazidisha kichwani, nikapata karibu bilioni tano. Miguu ikalegea. Dalali akanivuta pembeni, akanikumbusha kwamba Zambia ilikata sifuri tatu kwenye fedha yake tarehe 1 Januari 2013, ila wazee wengine hawakuzikata kwenye ndimi zao. Milioni arobaini na nane ya mzee ni kwacha 48,000. Mtu akishatishwa kwa bilioni tano, milioni tano inaonekana kama chenji ya dukani. Sikupunguziwa tena hata ngwee. Nililipa kwa haraka, nikihofia asije akazirudisha zile sifuri.

Upande wa hati, lazima niseme ukweli, mzee alikuwa safi. Kadi yao, ambayo wanaiita kitabu cheupe, ilikuwepo, na hati ya polisi ya Interpol kwamba gari si la wizi nayo ilikuwepo. Shida ilikuwa namba ya chesisi. Kwenye karatasi ilisomeka 8 mahali ambapo kwenye chuma palionekana 3. Akaitwa fundi na msasa. Akasugua, tukamulika kwa tochi ya simu, kijana mmoja akapaka chaki na kuifuta kwa kidole. Watu saba tulichuchumaa tukiangalia tarakimu moja kama tunangoja mwezi wa Idi. Hatimaye tope la miaka likaachia, na ile 3 ikajifunga tumbo upande wa pili ikawa 8. Tulipeana mikono na watu nisiowajua.

Upande wetu nilikwenda na hoja niliyoiandaa tangu nyumbani. Tanzania iko SADC, Zambia iko SADC, kwa hiyo ndugu kwa ndugu hawatozani. Wakala wa forodha alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema, "Mwalimu, hii imezaliwa Japani. Zambia ilikwenda kusoma tu." Nikaelezwa kwamba thamani ya gari haitokani na risiti niliyoishika wala uso ninaouonyesha, iko kwenye mfumo. Juu ya thamani hiyo ushuru wa forodha asilimia 25. Kisha VAT asilimia 18, nayo haihesabiwi kwenye thamani peke yake bali kwenye thamani ikiwa imeshabeba ushuru mgongoni. Halafu kuna tozo nyingine, pamoja na ya uzee wa gari. Hiyo ya uzee niliilipa kwa uchungu wa pekee, kwa sababu mimi mwenyewe mwakani natimiza 50.

Tukaondoka. Gari liliwaka, maana lilishuka mteremko. Dakika ishirini baadaye tuko kwenye foleni ya malori ya Tunduma, ardhi tambarare, na pikapu ikazima kimya kimya kama mtu aliyesinzia msibani. Nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Stata, nilikuja kuambiwa baadaye, ilikufa zamani. Mzee wa watu alikuwa ameipangia maisha ya milimani. Vijana wa bodaboda wakashuka kusukuma, na dereva mmoja wa lori la shaba kutoka Kongo naye akaja, akaegemeza bega, akaniambia kwa Kiswahili cha Lubumbashi, "Baba, hii motokari iko muzee." Kilometa 40 hivi kutoka pale mpaka Vwawa sikuthubutu kuzima, hata pale trafiki aliponisimamisha na kutaka nizime. Nilimweleza ukweli. Alinitazama, akaitazama namba ya Zambia, akaniruhusu niende. Nadhani ni huruma.

Uani kwangu hakuna mteremko. Asubuhi ya kwanza mke wangu alitoka na kanga begani, akanikuta nimekaa ndani ya pikapu, mikono kwenye usukani, sifanyi chochote.

"Baba Neema, hiyo ndiyo italeta mbolea?"

"Inapasha."

"Inapasha kimya hivyo?"

Stata mpya ilipatikana baada ya wiki tatu, na ndani ya wiki hizo nilijua majirani wenye moyo na wenye visingizio vya mgongo.

Lakini kilichoniuma si stata. Siku moja nilitoa kapeti la mpira upande wa abiria ili nianike, maana gari lilikuwa linanuka dagaa wa kapenta, na chini yake nikakuta kikaratasi kimegandamana. Risiti ya mkono, wino wa kaboni. Dizeli, lita 20. Juu kabisa jina la kituo cha mafuta, na chini yake: Vwawa, Mbeya. Mwaka 2009, kabla Songwe haijamegwa kuwa mkoa. Kituo hicho kiko umbali wa mita mia nne kutoka kwangu. Nikakaa chini. Kumbe hii pikapu ilishushwa bandarini Dar es Salaam kama magari mengi ya Japani yanayokwenda Zambia, ikapanda barabara kuu mpaka hapa, ikapita mbele ya nyumba yangu ikiwa kijana, stata inafanya kazi, kiti kimejaa. Ikanywa mafuta jirani na kwangu ikaendelea na safari. Mwaka ule nilishahamia hapa. Inawezekana kabisa nilikuwa barazani nikisahihisha madaftari na sikuinua kichwa. Ikaenda kumpa mzee wa watu ujana wake wote, nami nikaifuata kuvuka mpaka na mkopo wa miaka minne kuirudisha ije izeekee kwangu.

Saa yake ya dashibodi ndiyo iliyogoma kuhamia. Kitufe cha kuirekebisha kilivunjika, kwa hiyo iko nyuma kwa saa moja mpaka leo. Nimeiacha. Kwanza, kwa longitudo yetu ya nyuzi 32 na ushei, jua linakubaliana zaidi na saa ya Zambia, nami huwa nawaeleza hivyo wanaonicheka. Pili, fundi alitaka 40,000.

Mwezi uliopita shemeji yangu aliazima pikapu kubeba wazee na kreti za soda kwenda Mlowo, kupeleka posa ya mwanawe. Waliambiwa saa nne. Simu ya shemeji ilikuwa imekwisha chaji, akaifuata saa ya gari kwa imani yote, akaingia uani kwa wakwe akipiga honi, saa nne kamili. Wenyeji walikuwa wamekaa tangu saa nne, na sasa ilikuwa saa tano. Kabla hata ya salamu, msemaji wao akasoma faini ya kuchelewa: shilingi 50,000.

Shemeji akakataa katakata. Akamwomba mzee wa upande wa pili aje ashuhudie mwenyewe. Mzee akainuka na mkongojo wake, akafungua mlango wa dereva, akainama, akaitazama ile saa kwa muda. Akaitazama na namba ya zamani ya Zambia, ambayo bado nimeichomeka nyuma ya kiti. Akarudi kwenye kiti chake, akakohoa.

"Kwa saa yao wamewahi," akasema. "Lakini faini iko palepale. Walipe kwa kwacha."