Msimwingilie Mungu Kazi

Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu, wanakwaya, na ninyi mliokosa viti mkasimama nje. Aliyesoma matangazo amesahau kutaja cheo changu, nimemsamehe. Mimi ndiye Mhadhiri Mkuu wa Elimu ya Riziki. Cheo hiki nilijipa mwenyewe, baada ya kumtafuta mtu mwenye sifa za kunitunuku na kumkosa.

Hoja yangu ni moja. Mungu ndiye mpaji. Sasa basi, mtu anayekimbilia kwa jirani mwenye njaa na debe la unga kichwani anafanya nini kama si kumwingilia Mungu kazi? Mimi jirani akibisha hodi jioni humwambia nitamwombea, kisha hufunga mlango polepole, kwa heshima, ili muujiza upate nafasi. Najua Yakobo aliandika maneno makali juu ya watu wanaowaaga wenye njaa kwa baraka tupu. Yakobo hakubahatika kunisikiliza.

Tazameni mana. Kila mtu pishi moja. Aliyeweka akiba hadi asubuhi aliikuta imeota mabuu na kunuka. Watu husema hilo ni fundisho kuhusu uchoyo. Hapana, jangwani hapakuwa na jokofu. Au yule mvulana wa Yohana 6, mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Alitoa vyote! Vikabaki vikapu 12, na hakuna aliyeandika kwamba mtoto alipewa hata kimoja. Angekuja kwangu kwanza, angekula akashiba, na yale maelfu yangejifunza subira.

Andiko ninalolipenda ni 1 Wafalme 17. Mjane wa Sarepta ana konzi ya unga na mafuta kidogo, naye Eliya anamwambia ampikie yeye kwanza. Yeye kwanza! Hapo ndipo taaluma yangu ilipozaliwa. Wachambuzi wadogo hunikumbusha kwamba kijito cha Kerithi kilikuwa kimekauka, kwamba nabii alikuwa na njaa ya kweli, na kwamba baadaye walikula pamoja, yeye, mjane na jamaa yake. Hayo ni mambo ya pembeni.

Lakini uharibifu mkubwa naushuhudia hapa hapa Kilimanjaro, Jumapili baada ya ibada, kwenye mnada. Bibi asiye na noti analeta mayai, mkungu wa ndizi, au kuku aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa anapaza sauti, bei inapanda. Kijana aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam anamnunua kuku kwa fedha ambazo sokoni zingempatia wawili. Je, anaondoka naye? Thubutu! Anasema, "Namrudisha." Kuku anauzwa tena. Mnunuzi wa pili anaagiza apelekwe kwa mgonjwa fulani kule bondeni. Nimepiga hesabu hadi kichwa kikaniuma: kuku mmoja, sadaka mbili, na jioni mgonjwa anakunywa mchuzi. Faida ni ya nani? Nilimwuliza yule bibi kama haoni hasara. Akacheka, akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula, kwake, lakini hilo si jibu la kitaaluma.

Ulaya nako hakukuwa salama. George Müller, mzaliwa wa Prussia, alifungua nyumba ya yatima mjini Bristol, Uingereza, mwaka 1836. Hadi anafariki mwaka 1898 yatima zaidi ya 10,000 walikuwa wamepita katika nyumba zake, na hakumwomba mtu fedha. Mahitaji alimweleza Mungu peke yake. Mpaka hapo nampa mkono. Ila fedha zilipokuja, zikiletwa na watu wale wale wanaomwingilia Mungu kazi, yeye alizitoa kwa yatima, kisha akachapisha hesabu kila mtu azisome! Ndugu zangu, riziki ikishaandikwa wazi namna hiyo, mtaalamu ataishi vipi?

Maswali nitayapokea baada ya sadaka ya mhadhiri. Bahasha ziko kwa mzee aliyesimama mlangoni. Msiogope, mimi kunipa si kumwingilia Mungu. Atakayependa kutoa kuku amlete akiwa amekwisha kuchinjwa, maana walio hai hamchelewi kuwarudisha mnadani.