Asilimia Nne

"Njomba, prosesa yako imelala," alisema mwanafunzi wa kidato cha pili, kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza chapati nje. Steshenari yangu hapa Newala ilikuwa imejaa: mama wa barua ya mkopo, kijana wa maombi ya ajira, mzee aliyesubiri nakala za hati ya shamba la mikorosho. Wote walikuwa wameshaisikiliza hotuba yangu, kwamba prosesa imechoka na Ijumaa nashuka Masasi kutafuta i7. Dogo akafungua lile dirisha linaloonyesha nani anafanya kazi na nani amekaa. Prosesa: asilimia 4. Diski: asilimia 100.

"Asilimia nne?" mzee akauliza. "Hata mimi na uzee huu nafika kumi."

Walicheka wote. Mama wa barua alicheka kuliko wenzake, na ndiye niliyempunguzia bei.

Jambo lenyewe linanikosesha usingizi kwa jinsi linavyoshangaza. Prosesa yangu ni Core i5-2400, ya mwaka 2011, mwendo wa gigahezi 3.1, yaani mapigo bilioni 3.1 kila sekunde. Ndani ya kasha hilohilo mna diski ngumu, sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake mkono mdogo unaohangaika huku na huko kutafuta faili. Mizunguko 7,200 unaiona mingi, eti? Basi mpaka mkono ufike kwenye mstari wake, kisha ungoje sahani ilete kipande kinachotakiwa, zimepita kama milisekunde 12. Wewe hata kope hujapepesa. Prosesa imekaa bure kwa mapigo zaidi ya milioni 30! Na kuiwasha kompyuta ni kutafuta vipande maelfu, vimetawanyika kila kona, huku programu ya kuwinda virusi nayo ikitaka kukikagua kila kimoja. Diski ya aina ya SSD haina sahani wala mkono. Kipande hupatikana kwa kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Ningefunga i7 juu ya diski ileile, ningekuwa nimelipia kusubiri kwa kasi zaidi.

Ndipo nikamwona mkulima wetu wa korosho. Mzigo ameufikisha ghalani, umepimwa, stakabadhi iko mfukoni, mnada umepita, naye yuko barazani anangoja hela. Halafu anashuka mtaalamu kwenye gari la kiyoyozi kumwambia watu wa huku hawajitumi, waongeze tija. Hapo kicheko kinaniishia. Anayesubirishwa ndiye anayeitwa mvivu, na ile asilimia 100 imekwama wapi, hakuna anayefungua dirisha kutazama.

Masasi nilishuka hata hivyo, safari hii kufuata SSD, kasha nikiwa nimelipakata kwenye basi, na konda akanitoza nauli ya mzigo. Muuzaji wa SSD akanisukumia i7 ya pini 1,150 wakati mazabodi yangu ni ya 1,155: "Tofauti tano tu, kaka, itaingia." Haikuingia. Fundi akapuliza feni, likatoka vumbi la njano la salfa ya mikorosho, akapiga chafya na kuongeza bei.

Sasa kompyuta inawaka kabla sijamaliza kumkaribisha mteja. Lakini muda wa kawaida wa Windows 10 kupewa marekebisho ya usalama ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Yangu ni ya kizazi cha 2. Haijachoka, haijaungua, kazi zangu zote inazimaliza ikiwa nusu usingizini. Imefukuzwa kwa cheti cha kuzaliwa. Na kompyuta kama hizi zikitolewa maofisini huko Ulaya kwa sababu hiyohiyo, zinapanda meli, tunazipokea Kariakoo kama mpya.

Mwenye kizazi cha 8 anayekubali kulipwa msimu wa korosho, anione. Mzigo nitaupeleka ghalani Oktoba. Hela ni habari nyingine.