Barua ya Wazi kwa Watengenezaji wa Kamera: Mtambueni na Mdaiwa

Kwa Waheshimiwa Wakurugenzi,
Viwanda vya Kamera,
Tokyo na vitongoji vyake.

YAH: MAOMBI YA KUTAMBULIKA KATIKA TOLEO LIJALO

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kutoka Igowole, wilayani Mufindi, ambako ukungu huingia harusini bila kadi ya mwaliko. Tumesikia mna kamera mpya njiani. Hamjatangaza, lakini nanyi si watu wa kutangaza. Mnaacha uvumi uvuje, kisha mnakaa kimya utadhani haukuvujia kwenu. Kijiweni kwetu tumeshautafuna ukabaki mifupa. Mmoja anaapa kwa jina la mama yake kwamba itakuwa na megapikseli mia. Mimi napiga ramli kwa kalenda tu, maana kamera zenu kubwa hufuata ratiba ya Olimpiki. Canon walitangaza EOS-1D X Mark III Januari 2020, mwaka ambao Tokyo ilipangiwa michezo, na EOS R1 wakaitangaza Julai 2024, siku chache kabla ya Paris. Basi kuelekea Los Angeles 2028 tutegemee nyingine.

Nisichohitaji ramli kukijua ni kwamba itakuja na kiumbe kipya inachokitambua. Mlianza na uso wa mtu, mkaingia kwenye jicho, mkahamia kwa mbwa, paka na ndege wa angani. Nikon Z9 ya 2021 ikaja inajua treni na ndege za abiria. Fujifilm wakaongeza wadudu na droni. Canon EOS R5 Mark II ya 2024 inamjua hata anayepiga shuti kwenye mpira wa miguu. Hongereni sana. Igowole treni hatuna.

Sasa karibuni ukumbini. Saa mbili usiku, turubai limepambwa satini ya zambarau, taa nazo za zambarau, nje manyunyu. Mama wa bibi harusi, mweusi tii na kitenge chake kipya, anasimama kumtunza mwanawe. Kamera yangu, ambayo ingemdaka mwewe juu ya mashamba ya chai, inamtafuta. Kale kamraba ka fokasi kanacheza kwenye paji la uso wake, kanasita, kanamwacha, kanaenda kutulia kwenye kifua cha mzee aliyeketi nyuma: pale pana fulana ya kampeni yenye sura ya mgombea. Mgombea akatoka safi, unahesabu kope. Mama akatoka kivuli chenye meno. Gauni la binti ndiyo usiseme, lilipendeza, kwa kuwa mashine iliona cheupe ikaridhika. Ukiongeza mwanga uso uonekane, gauni linaungua. Ukiliokoa gauni, uso unazama. Hivyo hivyo kila harusi, kila toleo, na kila mara mteja anainama juu ya picha na kuuliza kwa upole: “Kaka, mama yuko wapi hapa?”

Msiniambie ni giza. Giza halijakosa kitu. Tangu miaka ya 1950 Kodak walikuwa wakipeleka kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ikiitwa Shirley, na rangi zikipimwa kwa mashavu yake. Mtafiti Lorna Roth wa Canada ameeleza waliosaidia kuisukuma kampuni iboreshe filamu zake: watengenezaji wa samani za mbao, na wale wa chokoleti waliotaka chokoleti nyeusi isifanane na ya maziwa pichani. Yaani tulitetewa na chokoleti! Ngozi ya mama yangu ilipanga foleni nyuma ya kabati. Lakini ulipohitajika mwanga wa ziada kwa ajili ya kutudhibiti, kitufe kilipatikana: Polaroid ID-2 ilikuwa nacho, ikatumika kupiga picha za vile vitambulisho ambavyo makaburu waliwalazimisha Waafrika wa Afrika Kusini kutembea navyo. Kumbe jambo hili liliwezekana zamani. Lilikuwa linangoja tu mteja mwenye maana.

Niwieni radhi. Chai imepoa na sauti imepanda. Turudi kwenye adabu. Nakiri sensa za kamera za leo zinaona gizani kuliko filamu yoyote. Ninachouliza ni nani anatangulia kwenye darasa la mashine zenu, kereng’ende au mama.

Na kwa kuwa kiti cha mama kimeshakaliwa na kereng’ende, naomba kwa unyenyekevu mtuwekee mdaiwa, yule mteja asiyemaliza kulipia picha. Iitwe Hali ya Mdaiwa, na iwekwe pale juu kwenye kidude cha kuzungusha ili niifikie kwa kidole gumba. Aliyelipa yote apate mraba wa kijani na ngozi ing’ae yenyewe. Aliyetoa kianzio apate wa njano na atokee kadiri ya alichotoa: mwenye asilimia arobaini aanzie viatuni aishie kiunoni, uso ni wa kumalizia. Yule wa “nitakurushia jioni” apate mwekundu, na shata igome huku ikitoa kikohozi cha mzee wa ukoo, ili wageni wageuke bila mtu kutajwa jina. Kumbukumbu ya kamera iwe ndefu. Mdaiwa afuge ndevu, avae miwani, ahamie Mafinga, arudi miaka mitatu baadaye akiwa msimamizi wa harusi ya mwingine, imjue tu. Mwenyekiti wa kamati apewe mpangilio wake peke yake, kwa kuwa huyu hujitokeza kwenye kila picha, mkono mfukoni, ila siku ya hesabu hata Sony A9 III, yenye kupiga picha 120 kwa sekunde, haimdaki. Muamala ukisoma kwenye simu yangu, kamera itetemeke kidogo, na uso uliofichwa ufunguke polepole kuanzia kidevuni. Hizo video za 8K wapeni wengine.

Mengine ni madogo. Ile EOS R5 ya 2020 iliyolalamikiwa kwa kupata joto ikirekodi 8K, ileteni Igowole mwezi Julai, tutaipoza bure. Matoleo yatoke baada ya mavuno, yasitoke Kwaresima. Betri mpya ikubali chaja ya zamani. Canon na Nikon walipobadilisha sehemu ya kufungia lenzi mwaka 2018, lenzi za mtumba zilibaki yatima. Adapta zipo, najua, kwa bei ya pasipoti saizi za mwezi mzima. Na kwa dola 6,299 ilizotangaziwa R1 bodi tupu mwaka 2024, ambazo huku ni bodaboda mpya kadhaa na mafuta yake, tupeni walau mkanda wa shingoni wa ngozi.

Kama la mdaiwa ni gumu, basi toleo lijalo, kabla ya kutangazwa, lipitishwe kwenye turubai la zambarau usiku, limpige mama mweusi kando ya gauni jeupe, na picha hiyo itangulie ya ndege kwenye tangazo lenu.

Nanyi wapiga picha wenzangu wa Mufindi mtakaoiona nakala hii: msiuze bodi mlizo nazo kwa ajili ya uvumi, na msifungue lenzi kabla kianzio hakijasoma kwenye simu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mpiga picha, Igowole.