Mpango wa Karanga Ndani ya Gereji

Toledo, Ohio

Mjomba,

Nianze na la mchango. Ile picha niliyoirusha kwenye kundi la ukoo, nimesimama pembeni ya gari lisilo na paa, si ya ajali. Nimesikia Mama Mkubwa ameshapita na daftari nyumba kwa nyumba hapo Chuno, Mtwara, na mpaka magharibi alikuwa na shilingi elfu arobaini na kuku mmoja. Naomba fedha zirudi kwa wenyewe. Kuku najua hatumwoni tena. Gari ni zima, paa nimelivua mwenyewe kwa hiari yangu, tena nililipa zaidi ili nipate gari linalovuliwa paa.

Najua hapo umeshaweka kikombe cha kahawa chini. Tulia, nikueleze.

Gari ni Jeep Wrangler, nimelinunua likiwa limeshatumika. Magari haya huundwa hapa hapa Toledo. Kampuni ya Willys-Overland ilianza kuunda Jeep za jeshi mwaka 1941, na mji haujaacha mpaka leo. Wewe uliyezeeka na Land Rover za kupanda Newala usilidharau, maana ni ukoo mmoja. Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep ya jeshi shambani kwake Wales, akaitumia, akaitazama, akaona hata yeye anaweza kuunda ya kwake. Mwaka 1948 Land Rover ikatoka. Tofauti ni kwamba Land Rover 109 yenu mliivua paa kwa sababu kuna magunia ya kupakia. Huku paa linavuliwa ili jua limchome mwenye gari. Milango nayo inang'oka. Kioo cha mbele kinalazwa juu ya boneti. Kwetu gari likifikia hali hiyo trafiki haulizi hata leseni, anauliza maiti ziko wapi. Huku hiyo ndiyo hali inayotangazwa kwenye televisheni.

Lakini usiwacheke sana. Kuanzia Novemba mpaka Machi jua la hapa hutoka kwa kibali. Watu wanakaa ndani ya makoti mpaka wanasahau rangi ya viwiko vyao. Mei ikiingia wanavua kila kitu, na nguo zikiisha wanahamia kwenye magari.

Sasa paa lenyewe. Ni la faiba, nyuma lina kioo kikubwa chenye waipa yake, na likiondolewa vipande viwili vya mbele, uzito wake unapungua. Halifikii gunia la korosho, na gunia la korosho umeona vijana wa ghalani wanavyolitupia begani huku wanabishana mpira. Ila gunia lina pa kushika. Paa ni pana, linateleza, na halitaki kwenda kando: lazima lipande wima kwanza, lipite juu ya vyuma vya ndani, ndipo lisogee. Kwa hiyo linataka watu wanne, kila mmoja na pembe yake.

Hapo ndipo penye kazi, Mjomba. Watu wanne.

Chuno ukihitaji watu wanne unatoka barazani na kusema "jamani". Wanakuja tisa, watatu kati yao kwa ajili ya ushauri tu. Unakumbuka lile paa la 109 lililoshushwa pale chini ya mwembe, likawekwa juu ya mapipa kwa siku mbili tatu, kuku wakataga ndani na mwenye gari akakatazwa kulichukua mpaka vifaranga watoke? Hapa jirani wa kulia nahitaji kumwandikia ujumbe wiki moja kabla. Wa kushoto ana mgongo. Wa mbele simfahamu, namfahamu mbwa wake. Na ukiwapata wote Jumamosi saa nne, mvua itanyesha saa tano, uwaite tena kulirudisha. Ndiyo maana wanaume wa huku wameona ni rahisi zaidi kuunda mtambo utakaofanya kazi ya watu wanne kuliko kuwasalimia watu wanne.

Mitambo ya aina hiyo inauzwa tayari kwa dola mia kadhaa. Mimi nilitoka dukani na kapi, kamba, kulabu, mbao mbili tatu na winchi ya mkono ya kuvutia boti, na dola mia haikuisha. Mke wangu, wewe unawajua watu wa Mikindani, aliposhuhudia mbao zinaingia alisimama mlangoni, akasema, "Mpango wa Karanga umerudi."

Watoto wakauliza ni mpango gani. Akawasimulia yote, mbele yangu, bila huruma: kwamba mwaka 1947 Waingereza walikuja na mahesabu yao kulima karanga Nachingwea na kwingine, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kuzipeleka karanga baharini, na kufika mwaka 1951 serikali yao ilishaufuta mpango, kwa kuwa mvua na udongo havikuwa vimesoma yale mahesabu. Nikamwambia lakini bandari ilibaki, na leo korosho zinapita pale. Akasema, "Sawa. Sisi tutabaki na nini?"

Tatizo la kwanza lilikuwa dari. Gereji ya huku si karakana, ni chumba cha gari kilichoungana na nyumba, na dari yake ni jipsamu. Jipsamu haishiki hata picha ya harusi. Juu yake ziko kenchi za msonobari, nyembamba, zimeunganishwa kwa vibati vyenye meno, nazo zimepigiwa hesabu ya kubeba paa la nyumba na theluji, si kubeba mambo ya kuning'inia. Ukichoma kulabu moja kwenye kenchi moja ukaning'iniza paa, umeomba nyumba ishuke ione kuna nini. Kwa hiyo nilipanda darini, nikalaza mbao nene kukatiza kenchi kadhaa, uzito ugawanyike, na boliti za pete zikapita kwenye hizo mbao zikafungwa nati na washa pana kwa juu. Na kabla sijasahau: mbao wanayoiita mbili kwa nne ukiipima ni inchi moja na nusu kwa tatu na nusu. Wamekubaliana hivyo nchi nzima, kisheria kabisa. Mfikishie habari hizi fundi wetu wa Magomeni, maana tumemsema bure miaka yote.

Kamba ndiyo sehemu yako. Ile sauti uliyonitumia ilikuwa ndefu, nusu yake salamu na robo jogoo, lakini robo iliyobaki imenifaa kuliko kila nilichosoma. Ulisema kutweka paa na kutweka foromali ya tanga ni kazi moja, henza ni henza. Kweli. Kapi lililofungwa juu linageuza tu njia ya kamba, wewe unavuta chini mzigo unapanda. Lile linalotembea pamoja na mzigo ndilo linalokupunguzia. Mwanangu wa sekondari anayasoma hayo kwenye fizikia, na alishangaa kusikia babu yake wa Chuno anayajua bila daftari. Basi kila pembe ina kapi moja juu na moja linalotembea: uzito unakuwa nusu, kamba ya kuvuta inakuwa maradufu, hakuna cha bure. Kamba zote nne zinakutana kwenye pete moja, na pete inavutwa na waya wa winchi iliyofungwa ukutani. Hivyo pembe zote zinapanda kwa mwendo mmoja, haipo ya kutangulia ikajiona.

Uliponikataza nailoni nilitii. Jirani wa kulia, mzee aliyestaafu kiwanda cha magari, aliweka nailoni ya kwake miaka iliyopita. Analitweka paa lake jioni, asubuhi analikuta limeshuka kiasi cha kiganja, maana nailoni hunyumbuka usiku kucha. Amezoea. Anainama anapopita.

Siku ya kutweka tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na binti. Kwanza unachomoa waya wa kioo cha nyuma na mpira wa maji ya waipa, la sivyo paa litakwenda zake na waya utabaki ukilidai. Kisha boliti za vichwa vya nyota. Kisha mikanda miwili inapita chini ya paa, wa nyuma ukisogezwa karibu na kioo kwa sababu uzito wote umejaa huko. Nikaanza kuzungusha. Winchi inasema ta, ta, ta, kila jino likikamata. Kamba zikakaza. Dari ikaguna kidogo, binti akasogea kuelekea mlangoni, mama yake akasogea zaidi. Paa halikutikisika. Nikaongeza. Mpira wa pembeni wa paa ulikuwa umegandana na bodi tangu baridi, ukawa unaachia polepole, inchi kwa inchi, kisha paa likaruka kidole kimoja, likatulia hewani, limelala sawa.

Mke wangu alilitazama kwa muda. "Harambee hukuimba," akasema. Nikamwambia winchi haina sikio. Akajibu, "Hata foromali haina, na bado mjomba wako huiimbia."

Nikaendelea kuzungusha mpaka paa likapita juu ya vyuma vya ndani, kisha nikafunga mnyororo wa tahadhari kwenye boliti nyingine, kama ulivyoagiza, mtu asilale chini ya henza moja. Nikaingia, nikarudisha gari nyuma likatoka. Limeingia na paa, limetoka bila, na paa limebaki darini juu ya friza. Tukaenda kuzunguka mjini, na nzi wa huku, nakuhakikishia, ladha ni ile ile.

Lakini sikiliza kilichofuata. Jirani aliyeinama miaka yote alikuja kuangalia kamba. Jumamosi iliyofuata akaja na gari lake, nilitweke paa lake. Akamleta na shemeji yake, naye na gari. Yule wa mbele akavuka barabara, na mbwa, akajitambulisha. Sasa hivi kila Jumamosi gereji imejaa wanaume wamesimama mikono kiunoni wanatazama winchi, wengine kwa ajili ya ushauri tu, na wangeweza kulinyanyua paa kwa mikono wakaondoka kabla sijapata mpini. Hawataki. Mke wangu anapika chai ya tangawizi kwa sufuria kubwa, na ameanza kuuliza kama tuweke kiingilio.

La mwisho, ile winchi uliyoniagiza ya kupandishia boti pale Msanga Mkuu nimeipata, aina ile ile, yenye breki. Itakuja na ndugu anayesafiri Desemba, ndani ya begi la nguo. Mwambie binamu asiifungue mpaka uwepo. Ana mbuzi yule.