Pama ya Mahari Mlimani Longonot

Mlima Longonot hauna kivuli cha kutegemea. Kutoka getini hadi ukingo wa kreta ni kilomita 3.1 za vumbi la volkeno na vichaka vifupi. Kuuzunguka mdomo wa kreta ni kilomita 7.2 nyingine, na kilele kiko mita 2,776 juu ya usawa wa bahari, kusini kidogo tu ya ikweta. Mwezi wa pili, jua likiwa la utosi, mpandaji hana mwavuli mwingine ila kile alichovaa kichwani. Hapo ndipo vituko huanza, maana wengi wetu kofia ya mlima huichagulia kwenye kioo.

Mhasibu mmoja wa Nairobi, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, alipanda huko na wenzake wa ofisini. Alivaa pama nyeusi ya sufu nzito, ileile aliyoivaa siku ya kupeleka mahari kwa wakwe, ambayo tangu siku hiyo aliamini ina nyota. Askari wa wanyamapori pale getini aliitazama pama, akamtazama mwenye pama, kisha akauliza kwa adabu:

"Mzee, hii ni ya mlima ama ya harusi?"

Mzee alicheka. Kufika nusu ya mteremko wa kwanza, kicheko kilikuwa kimekauka. Utepe wa ndani wa pama ulikuwa wa ngozi bandia, haunyonyi kitu. Jasho lilijikusanya humo taratibu, na kila alipoinama kufunga kamba za viatu likammwagikia machoni lote kwa pamoja. Akaona bora aivue ajipepee nayo. Pama ikageuka upepeo, upara ukabaki juani. Walipofika ukingoni alikuwa amepoa kiasi, ila utosi umeiva barabara.

Tumtendee haki: kosa halikuwa weusi wa pama. Kitambaa cheusi huzuia miale ya urujuanimno vizuri kuliko cheupe cha aina hiyohiyo, ingawa nacho hupata joto zaidi. Tatizo lilikuwa hewa. Jasho hupoza mwili linapogeuka mvuke na kuondoka. Ndani ya kofia iliyozibwa kila upande, hewa hujaa unyevu, mvuke ukakosa pa kwenda, na jasho likabaki kuwa maji ya chumvi yasiyo na faida kwa mtu.

Karani wao, ambaye hakosi jawabu kwa lolote, alimweleza kwamba karibu joto lote la mwili hutokea kichwani. Imani hiyo ina wafuasi wengi. Mwaka 2008 madaktari wawili wa Marekani, Rachel Vreeman na Aaron Carroll, waliiweka miongoni mwa ngano za kitabibu walizozichambua katika jarida la BMJ. Kichwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya ngozi yote ya mtu mzima, nacho hutoa joto kwa kadiri ya ukubwa wake. Kwa hiyo hata ile sweta ambayo mhasibu alikataa kuivua ilikuwa na kesi ya kujibu.

Katibu muhtasi alikuwa amekwenda upande wa pili kabisa. Kofia yake ilikuwa ya ukindu, ya kusukwa, aliyoinunua pwani, nyepesi na yenye kupitisha hewa bila kinyongo. Lakini alipoiinua juu, mwanga ulipenya, na panapopenya mwanga na jua limo. Hakupata muda wa kulifikiria hilo. Ukingoni mwa kreta kuna upepo usiobisha hodi, na kofia haikuwa na kamba. Iliruka, ikagusa ardhi, ikaruka tena, ikashuka kuelekea msitu ulio chini ya kreta. Alipiga ukelele. Hakuna mwanamume aliyejitolea kuifuata, wakiwemo wawili waliokuwa wamejisifu garini tangu Limuru.

Kijana wa kompyuta alivaa kapelo yenye wavu nyuma. Pua ilipona. Masikio na kisogo, la. Huko Australia, nchi inayolijua jua kwa machungu, shirika lao la saratani, Cancer Council, halipendekezi kapelo kabisa. Linataka ukingo wa kofia ya mtu mzima uwe na upana wa sentimita 7.5 au zaidi, kuzunguka kichwa chote. Na kisichoaminika mlimani ni ule ubaridi: Shirika la Afya Duniani linasema miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Upepo unakupepea huku jua likikuchoma.

Ajabu ni kwamba fumbo la hewa na kivuli lilishafumbuliwa zamani, na watu tusiowapenda. Ile helmeti ngumu ya maofisa wa kikoloni, ambao wengi wao waliamini jua la tropiki lingewaua mara wakiivua, ilikuwa na matundu utosini, na utepe wake wa ndani uliachanishwa na ganda ili hewa ipite katikati. Walitunyang'anya ardhi wakiwa na vichwa vilivyopoa.

Siku hizi si lazima kuvaa ganda. Tafuta kofia ya kitambaa chepesi kilichofumwa kwa kubana, matundu au wavu uwe ubavuni na si utosini, ukingo mpana ulio na rangi ya giza upande wa chini ili usirudishe mng'ao machoni, na utepe wa ndani unaonyonya jasho. Ikiwa na lebo ya UPF 50, maana yake ni kwamba sehemu moja tu katika hamsini ya miale hupita kwenye kitambaa. Pale Gikomba, kwenye mitumba, ipulizie kwa mdomo: pumzi ikipita ubavuni, ni dalili njema. Muuzaji atakutazama kama mtu anayebusu bidhaa asiyoilipia, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Isiyo na kamba ya kidevuni muachie mwenyewe, hata akupunguzie bei mara ngapi.

Tena, wewe unayepanga kwenda Longonot, beba maji ya kutosha tangu chini. Njiani hayauzwi, na kofia ya pamba hupoza kichwa vizuri zaidi ikiloweshwa, ukiwa na cha kuiloweshea.