Kundi la Kudumu

Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, huhitaji msimamizi, wachezaji wachache, dadu ya pande 20 na jioni moja kila wiki. Dadu hupatikana. Msimamizi hubuni wafalme, majini na ramani ya pango zima. Wachezaji nao huapa kwamba hawatakosa. Wiki ya pili mmoja ana harusi ya binamu, mwingine “yuko njiani” na kumbe bado anaoga. Joka huuawa, ratiba za watu wazima, thubutu! Makundi yanayodumu miaka mingi aghalabu hucheza hata mmoja akikosekana, na mhusika wa mtoro huachwa kambini kulinda farasi, kazi anayoifanya kwa uaminifu kuliko mwenyewe.